Mjane wa Turubai

Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza. Wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakuwahi kuishi Malaba, huku mpakani. Hapa kibaya hakihitaji mpiga debe: pombe mbaya, matairi mabaya na ushauri mbaya vyote huisha kabla ya saa sita mchana. Kizuri ndicho kinachohangaika. Hukaa juani, kikavutishwa vumbi la malori, mpaka apite mwongo mwenye moyo wa huruma akishike mkono na kukipeleka kwa watu.

Mwongo wa hadithi hii aliitwa Hesbon Omuse. Mjini walimwita Profesa, si kwa kuwa alisoma sana, bali kwa kuwa alizungumza kana kwamba wengine wote ndio hawakusoma. Alikuwa na koti moja la buluu lililomtosha kwa harusi, matanga na mahakama, na viatu vyeusi ambavyo cha kushoto kililia kila alipokanyaga, kwi, kwi, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Aliwahi kuwauzia wageni tikiti za kuvuka daraja ambalo kila mtu hulivuka bure. Waliponunua, akawashauri wazitunze vizuri, maana za kurudi ni ghali zaidi.

Lakini asubuhi hiyo Profesa alikuwa mnyonge. Mkewe, Asekenye, alikuwa amerudi kwao Amukura. Hakufukuzwa wala hakupigwa. Alichoka tu kuitwa mke wa mtu ambaye hajatoa hata pembe ya ng'ombe. Mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe, na ujumbe wenyewe haukuwa mrefu: "Ng'ombe wanne ndio watakaomrudisha. Mwambieni huyo kijana maneno hayakamuliwi."

Hesbon alimpenda Asekenye. Hilo ni la kuandikwa kando kwa heshima, kwa sababu katika maisha yake yote ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulisemea uongo.

Basi alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai cha Akurut, kando ya uwanja wanakoegesha malori, anawaza ng'ombe. Akurut alikuwa binti mwembamba mwenye birika kubwa na subira ndogo. Kibanda chake hakikuwa na paa upande wa mbele. Mahali pa paa alikuwa ametundika kipande cha turubai kuukuu la lori, upana wake kama mlango wa gereji. Na juu ya turubai hilo mtu alikuwa amefanya maajabu.

Mtu huyo alichukua siili za plastiki zinazofungia milango ya makontena, zile ambazo hukatwa na kutupwa chini, za njano, za buluu na nyekundu, akazipanga kwa maelfu kama magamba ya samaki. Kati yazo akashona vipande vya slipa zilizokatika, vifuniko vya soda vilivyolazwa bapa na magurudumu ya malori, na nyavu mbovu za wavuvi wa Port Victoria zilizofifia zikawa rangi ya moshi. Hapakuwa na picha ya mtu. Hapakuwa na mti, twiga wala machweo. Zilikuwa rangi tu: zilianza chini zikigombana, zikapanda zikipatana, na huko juu zikatawanyika kama ndege walioona paka. Madereva waliokunywa chai chini yake walisahau kulalamika kuhusu foleni.

Gari likasimama. Akateremka mzee Ochom, chifu mstaafu, mwenye ng'ombe wengi na gesti mpya ya ghorofa tatu. Kuta za gesti hiyo zilikuwa nyeupe na tupu kama akili ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Akurut, ni nini hii umetundika?"

"Kivuli, mzee."

"Kivuli gani cha takataka hivi?"

"Takataka inazuia jua, mzee. Uliza hawa wameketi."

Ochom akacheka kwa dharau, akarudi garini. Gari likasonga kidogo. Kisha kioo kikateremshwa, na kichwa cha mzee kikatoka kutazama tena.

Wateja wengine hawakuona kitu. Hesbon aliona, na kiatu chake kikalia chini ya meza. Takataka hutazamwa mara moja.

"Dada Akurut," akasema, sauti imepakwa asali, "hii kivuli inauzwa?"

"Kila kitu hapa kinauzwa, Profesa, isipokuwa chai ulikunywa juzi. Hiyo ilienda bure bila kujua."

"Anayetengeneza ni nani?"

"Ni mama mmoja wa Amukura. Ananitumia na boda, mimi namtafutia mnunuzi. Anaitwa—"

Hesbon akainua mkono kama askari wa barabarani. "Usinitajie jina! Msanii mwenye jina na pumzi, bei yake iko chini. Msanii wa maana ni marehemu."

"Lakini huyu hajafariki. Jana alinipigia simu akanikemea."

"Kwa soko, dada, amefariki. Mungu amlaze pema."

"Na yeye atapata nini huko pema?"

"Heshima."

"Heshima inaivishwa na kuni gani?"

Hesbon akaona huyu si wa tikiti za daraja. Akaapa, kwa jina la nyanya yake, kwamba watagawana nusu kwa nusu. Nyanya huyo alikuwa ameapiwa mara nyingi na alikwishazoea. Akurut akamtazama vile mtu anavyotazama wingu la Februari lisiloleta mvua, halafu akafungua kamba.

*

Kesho yake Hesbon aliingia gesti ya mzee Ochom na turubai limekunjwa begani.

"Mzee, sijaja kuuza," akatangulia kusema.

Mtu wa Malaba akisikia maneno hayo hushtuka, maana hajawahi kuyasikia.

"Nimekuja kuomba hifadhi tu. Hii ni kazi ya marehemu Okiria wa Soroti. Yule Okiria. Alikufa sindano iko mkononi. Yule msichana wa chai aliitundika juani bila kujua ni nini. Machozi yalinitoka, mzee. Nikasema, Malaba nzima ni ukuta gani unaweza kubeba marehemu bila kumwaibisha? Nikakumbuka wako."

Ochom hakumjua Okiria yeyote wa Soroti. Lakini chifu mstaafu hakubali kwamba kuna kitu asichokijua, ndiyo sababu aliweza kuwa chifu. "Ah," akasema. "Okiria! Pole sana. Weka pale."

Wakalitundika penye mapokezi. Na hata Hesbon, aliyekuwa anafikiria kwato tu, alisimama kidogo. Ule ukuta uliokuwa umelala ukaamka. Mfagiaji akaacha ufagio.

Siku mbili baadaye akaja mgeni kutoka Kampala. Alivaa miwani myeusi na viatu vyenye ncha, akajiita Daktari Mukiibi. Kwa kweli alikuwa Muzafaru, mbadilisha pesa wa pembeni ya barabara kule Busia, rafiki wa Hesbon, mtu mpole ambaye hakuwahi kumdanganya mteja kwa zaidi ya kiasi kinachovumilika. Aliomba chumba, akapewa ufunguo, akageuka, akaona ukuta. Ufunguo ukamtoka mkononi.

"Banange!" akasema kwa Kiganda. "Ssebo, bwana wangu, hii mmeipata wapi?"

"Hiyo?" Ochom akasema. "Ni ya... ni Okiria."

"Najua ni Okiria! Mimi nimetafuta hii kazi miaka. Nimeenda Soroti, nimeenda Mbale, nimelala na mbu. Niuzie, ssebo. Nitakupa pesa ya kununua gari. Si gari hivi hivi, gari yenye inaingia matope na inatoka." Akamshika mzee mkono wote, mpaka kwenye kiwiko. "Nakuja Jumamosi na pesa taslimu. Usimpe mtu mwingine. Nakuomba kama baba yangu."

Vumbi la boda boda yake halijatua, Ochom alikuwa tayari amempigia Hesbon.

"Profesa, kile kitu chako hapa ukutani. Nimekizoea. Niuzie."

"Mzee, hapo umenibana. Marehemu aliacha neno kwamba kazi yake isiguswe na noti. Iende kwa ng'ombe tu. Ng'ombe wanne."

"Ng'ombe nne kwa slipa zimekatika?"

"Ni kweli, mzee. Basi nakuja kuichukua jioni."

"Kijana, wewe una haraka ya nini? Nani amekataa?"

Hapo ndipo Hesbon alipaswa kufunga mdomo na kwenda kununua kamba za kuongozea mifugo. Lakini mzee Ochom hakuwa amemaliza.

"Lakini kuna jambo. Mimi ni mtu wa mila. Kitu cha mkono wa marehemu siwezi kukiweka kwa nyumba yangu bila mtu wa nyumba yake kukubali mbele ya wazee. Marehemu atakuja kukaa hapo mapokezi usiku, wageni watakimbia. Aliacha mjane?"

"Aliacha," ulijibu mdomo wa Hesbon, bila kushauriana na mwenyewe.

"Alete baraka Jumamosi. Akisema amekubali, ng'ombe unaondoka nazo hapo hapo."

*

"Nitafutie mama mtu mzima," Hesbon alimwambia Akurut, huku akinywa chai nyingine ambayo nayo haikujua inakoenda. "Awe Mteso kama marehemu, wa mbali, asijulikane hapa Malaba. Aingie amejifunika leso, aketi, alie kidogo, aseme 'nimekubali', aende zake."

"Alie kiasi gani?"

"Wastani. Asizidishe, watu wataanza kuchanga."

"Na atalipwa?"

"Soda na nauli."

Akurut akapanda boda mpaka Amukura, maana mama wa mbali aliyemjua yeye alikuwa mmoja tu: yule yule mshonaji.

Mama huyo aliitwa Anyait. Akurut alimkuta chini ya upenu wa nyumba, amezungukwa na mafungu ya rangi: fungu la siili za njano, fungu la buluu, karai zima la vifuniko. Alikuwa na sindano ya gunia mdomoni. Binti yake alikuwa kando, anakata slipa kwa kisu.

"Yoga, mama," Akurut akasalimia kwa Kiteso, akakaa, akaeleza yote, kuanzia kivuli mpaka mjane.

Anyait akaondoa sindano mdomoni taratibu.

"Ngoja nielewe vizuri. Mimi nimekufa."

"Ndiyo, mama."

"Nikageuka mwanamume."

"Ndiyo."

"Nikazikwa Soroti. Na sasa nije Malaba nijililie mimi mwenyewe, kwa soda."

"Na nauli," Akurut akasema, kwa sababu alipenda haki.

"Huyu mtu ni nani?"

"Wanamwita Profesa. Ni mrefu, ana koti la buluu, na—"

"Na kiatu kinalia," binti akasema bila kuinua kichwa. "Cha kushoto."

Anyait akamgeukia. Kisha Asekenye, maana binti huyo alikuwa ndiye Asekenye, akaweka kisu chini na kucheka mpaka akashika mbavu.

Hapa inafaa kusimama na kumtetea Hesbon, kwa kuwa hakuna mwingine atakayefanya hivyo. Msomaji wa mbali atauliza: mtu anawezaje kuuza kazi ya mama mkwe wake bila kujua? Msomaji wa kwetu hatauliza. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani kama sungura. Hesbon alikuwa amemwona Anyait mara moja tu, kwa mbali, kabla ya kugeuza shingo kama inavyopasa. Mwanamume wa hapa atakutajia wachezaji wa timu za Ulaya na magoti yao yanayouma, lakini muulize mama mkwe wake hushinda akifanya nini, atakujibu: "Yeye ni mama."

"Mama, usimkasirikie sana," Asekenye akasema, akifuta macho. "Anatafuta ng'ombe za kunirudisha."

"Anazitafuta wapi? Kwa vidole vyangu! Mimi nishone mpaka mgongo ugome, yeye auze, halafu aniletee hapa kama mahari, na nipige vigelegele? Nijilipe mahari ya mtoto wangu mwenyewe?"

Asekenye akaacha kucheka. Hilo hakuwa amelipima.

"Basi tusiende," Akurut akasema.

"Nani amesema hatuendi?" Anyait akang'ata uzi. "Nimealikwa. Na hiyo kazi yangu sijaiona ikiwa imetundikwa ukutani."

*

Jumamosi mapokezi ya gesti yalijaa. Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake, wakifyonza kwa umakini wa watu walioitwa kushuhudia. Nje, ng'ombe wanne walifungwa langoni, na mwekundu mmoja alikuwa tayari amekula maua aliyopanda mlinzi. Muzafaru alikaa mbele na miwani yake. Asekenye hakuingia, alisimama nje, upande wa ng'ombe.

Hesbon akasimama chini ya turubai, akakohoa kikohozi cha shahada ya pili.

"Wazee wangu, akina mama, na mgeni wetu Daktari. Sanaa ni nini? Watu wengi wanaona slipa. Okiria aliona miguu iliyozivaa. Watu wanaona siili imekatwa. Okiria aliona safari imefika. Mimi nilikaa na yule mzee. Aliniambia, Hesbon mwanangu, nikiondoka usiniuze rahisi."

Mzee mmoja akaacha mrija, akafuta chozi. Hata Muzafaru, aliyejua kila kitu, akaguswa.

"Na sasa mjane aletwe!"

Akurut akaingia akiongoza mama aliyejifunika leso nyeusi toka kichwani hadi kiunoni. Akamkalisha kwenye kiti, chini kabisa ya rangi zile. Mjane akalia, wastani.

Hesbon akamsogelea, kwi, kwi, mikono imefunguliwa. "Mama yangu mpendwa, mke wa rafiki yangu. Nipe mkono wako. Mbele ya wazee hawa, tuambie: umekubali?"

Leso ikashuka.

Mdomo uliowahi kuuza daraja ukabaki na neno moja. "Yesu!" Hesbon akasema. Akavuta koti la buluu likamfunika kichwa kizima, akageuka, akagonga ukuta, akamgonga mzee mmoja, akaruka chungu cha ajono bila kukimwaga, jambo ambalo wazee walilisifu baadaye, akakimbilia jikoni. Kiatu kikasikika kikilia kwenye saruji, kikapanda juu ya meza, kikapita dirishani, kikanyamaza.

"Kuna nini?" Ochom akauliza.

"Hakuna kitu, mzee," Anyait akajibu kwa utulivu, akirekebisha leso mabegani. "Huyo ni mkwe wangu. Alichukua binti yangu, ng'ombe bado hajaleta."

Chumba kizima kikavuta pumzi. Mkwe! Na alikuwa amenyoosha mkono! Mzee mmoja akanyanyuka, akaenda jikoni, akafunga lile dirisha kwa adabu, ili aibu isirudi ndani. Maana ilikuwa wazi kwa kila aliyezaliwa upande huu: mama huyu akiwa ndani ya nyumba hii, Hesbon hataingia tena, hata nyumba ikishika moto.

Ochom, hata hivyo, aliwahi kuwa chifu, na akili ya kesi ilikuwa haijamtoka. "Ngoja kwanza. Kama huyo ni mkwe wako, wewe si mjane wa Okiria."

"Okiria simjui. Mzee wangu yuko nyumbani anachunga mbuzi. Hii kazi nimeishona mimi. Hapo pembeni, penye nyekundu, sindano iliniingia kidole."

"Kwa hivyo nimedanganywa!"

"Umedanganywa jina, mzee. Kazi haijakudanganya. Jana ilikuwa nzuri?"

"Jana ilikuwa ya marehemu!"

"Sasa unataka nife ndiyo ikupendeze? Muulize huyu boss wa Kampala kama bado anaitaka."

Nyuso zote zikamgeukia Muzafaru. Muzafaru akatazama mlango. Penye mlango kulikuwa na wazee. Akatazama upande wa jikoni, dirisha limefungwa kwa adabu. Na wakati huo huo Akurut, ambaye kila akienda Busia kununua majani ya chai humpa Muzafaru huyo huyo shilingi za Uganda ambadilishie, akainama kumjazia kikombe.

"Muzafaru," akamnong'oneza, "jibu vizuri. Ama nikusalimie kwa jina?"

Muzafaru akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasimama, na inasemekana hajawahi kuongea vizuri hivyo maishani mwake.

"Ssebo Ochom, marehemu nilimtaka kwa kazi moja. Marehemu ameshona, amemaliza, basi. Lakini huyu nyabo, huyu mama, anapumua! Huyu atashona kesho, atashona mwaka ujao. Mimi bei sipunguzi. Mimi naongeza."

Ochom akajikuna kisogo. Wanaomjua walijua kwamba huko ndiko alikohifadhi tamaa yake, na ikiamka humwasha.

"Mama," akasema, sauti imelainika, "ziko zingine?"

"Nyumbani zimejaa. Anayenunua ya kwanza kwa heshima ndiye nitakayemwita wa kwanza."

"Ng'ombe ni zako," Ochom akasema. "Wazee mmeshuhudia."

Wazee wakashuhudia kwa kufyonza.

Daktari Mukiibi akaomba ruhusa avuke upande wa pili mara moja akalete pesa zake. Bado anavuka. Mzee Ochom husema ni forodha zimemchelewesha, na hataki kusikia maoni mengine. Kwa haki ya Mungu, hakuumia sana: madereva wa Kigali na Juba huja kulala kwake kwa sababu ya ukuta ule, hupigana picha mbele yake, na mzee amepandisha bei ya vyumba mara mbili huku akingoja Kampala. Lakini hilo halikufanywa kwa ajili ya kumpenda.

*

Nyuma ya gesti, kati ya magunia ya makaa, Hesbon alikuwa amechuchumaa. Kupitia ufa wa ukuta wa uani aliona kamba zikifunguliwa, na ng'ombe wanne wakianza kutembea. Aliyewaongoza alikuwa mkewe.

"Akurut! Sst! Akurut! Ng'ombe zinaenda wapi?"

Akurut akasogea ukutani. "Amukura."

Uso wa Hesbon, uliokuwa mweusi kwa makaa, ukang'aa. Kweli mjanja hafi njaa. "Amukura! Kwani mimi nilikuwa nazipeleka wapi? Si huko huko? Si boma ni hilo hilo? Basi mahari imefika! Asekenye mke wangu, chukua mfuko wako twende nyumbani."

Asekenye akasimama. Alitazama ukuta, na mdomo wake ulijitahidi sana usitabasamu. "Hesbon, mwaka mzima nilikungoja uje na kitu chako. Hata mbuzi mmoja, lakini wako. Sasa unataka nirudi kwako kwa jasho la mama?"

"Ng'ombe ni ng'ombe, mpenzi!"

Anyait alikuwa upande wa pili wa ukuta huo huo, umbali wa mkono. Kumjibu mkwe hakuweza. Mila haikuruhusu, na yeye mila aliiheshimu kila ilipomfaa. Akageuza uso kwa ng'ombe mwekundu.

"Wewe mwekundu," akamwambia, kwa sauti ya kufika hata Tororo, "kuna mtu anasema mmekuja kama mahari. Mwambie mmekuja kama malipo ya kazi. Wa mahari bado nawangoja. Wanne. Na wasitoke kwenye sindano yangu."

Ng'ombe mwekundu akatafuna.

"Nitakungoja hadi mavuno," Asekenye akasema kwa upole kuelekea ufa. "Lakini usije na hotuba." Akavuta kamba.

"Akurut!" Hesbon akapiga kelele, sasa kwa uchungu wa kweli. "Mwambie mama amenivunjia mila! Alijua ni mimi, akakaa pale akafunua uso makusudi. Mbele ya wazee! Mkwe mzima nimepita dirishani kama paka! Lazima aombe msamaha, atoe kuku tusafishwe!"

Na hapo, ajabu, alikuwa na haki. Wazee walikuwa wametoka kibarazani na mirija yao, na mkubwa wao akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mama Asekenye," akasema, "kijana ni mwongo, lakini kwa hilo hajasema uongo. Mila ni mila. Neno moja tu la msamaha, na kuku mdogo. Tumalize vizuri."

"Hata mimi," Ochom akaongeza, "kidogo tu, kwa ile sehemu ya mjane."

Anyait akakunja leso nyeusi, akaiweka kwapani, akamshika ng'ombe mwekundu pembe na kumtazama machoni.

"Sikiliza, wewe, na uwafikishie wote, kwa sababu sitarudia. Niliuawa bila kuulizwa. Nikazikwa Soroti nisikokujua. Nikaitwa nijililie, na nikaja, na nikalia vizuri kabisa, na hiyo soda yenyewe sijaiona. Kuku wangu wanataga, simtoi hata mmoja. Na msamaha siombi."